Kompyuta Mbili na Kifo cha Bibi

Jumatatu, 12 Novemba

Leo tena nimeandika jina la baba kwenye kompyuta, nikalitazama, nikalifuta. Rajabu Kilua. Huwa nafanya hivyo kila siku shangazi akienda kuswali adhuhuri. Sijamwambia mtu. Jina linakaa pale jeusi, kisha nabonyeza na herufi zinaliwa moja moja kutoka mwisho.

Wiki ya tatu tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne. Matokeo bado. Nasaidia ofisi ya Shangazi Salma, chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Korogwe. Kupiga chapa, kutoa kopi, kutuma barua pepe. Kazi kubwa ni matangazo ya vifo. Watu wakifiwa wanakuja, shangazi anaandika, anatuma redioni Tanga. Zamani alimpa kondakta wa basi bahasha. Sasa mtandao uko hapahapa nyumbani, kwenye laini ya simu ya mezani, na simu ikiita haukatiki. Wengine wanakuja kuutazama tu, kama vile kuna kitu cha kuona.

Wateja wakiniuliza kitu najibu kwa kichwa. Shangazi anasema nimemeza ulimi. Si kweli. Ulimi upo. Unachelewa.

Jumanne, 13 Novemba

Fundi amekuja kutoka Tanga. Shangazi amenunua kompyuta ya pili, iliyotumika, na imewekwa sebuleni ili nijifunzie. Laini ni moja, kwa hiyo zitagawana. Fundi alitoboa ukuta juu ya mlango, akapitisha waya wa buluu kutoka ofisini hadi sebuleni, akaubana kwa vigingi vidogo.

"Hii ya ofisini ndiyo mama," aliniambia. "Hii ya kwako ndiyo mtoto. Mama akizimwa, mtoto hanyonyi."

Nilitikisa kichwa.

"Binti, hujambo kweli? Au na wewe unataka waya?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Niliona aibu hadi masikioni.

Lakini nimeelewa. Ni kama wanafunzi wawili na taa moja. Mwanga ni wa wote, daftari kila mtu lake.

Jumatano, 14 Novemba

Shangazi amenifundisha kuandika matangazo. Yeye haanzi upya. Anafungua tangazo la zamani, anaondoa marehemu wa zamani, anaweka wa leo. "Ukianza upya utasahau kitu," alisema. "Utasahau saa ya mazishi, watu watafika kaburi limefunikwa." Yakikamilika anayaweka kwenye folda inayoitwa Ya Kutuma. Asubuhi anayachagua yote kwa pamoja na kuyatuma.

Aliniambia nijizoeze kwa majina ya watu ninaowajua, nisikosee.

Folda ile ilikuwapo pia kwenye kioo cha kompyuta yangu. Nikadhani fundi ameninakilia, niwe na yangu. Nikafungua tangazo moja na kuondoa majina. Kisha nikakaa. Tangazo la kifo linataka orodha ndefu ya ndugu na mahali walipo, na mimi orodha ninayoijua yote ni moja tu. Ya Bibi, mama yake baba, aliyeko Handeni, kijiji cha ndani ya Mkata. Mimi ni somo yake. Mwanaidi yeye, Mwanaidi mimi.

Niliandika hivi. Bi Salma Kilua wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa, Bi Mwanaidi binti Mhina, kilichotokea leo asubuhi. Mazishi yatafanyika kesho saa saba mchana nyumbani kwake. Habari ziwafikie ndugu wote wa Mkata, wa Magoma na wa Mombo. Pia zimfikie mwanawe Rajabu, popote alipo.

Sikulifuta. Lilikuwa zuri. Halikuwa na kosa hata moja.

Niseme kweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Baba hajaonekana miaka saba. Mama alipougua, baba aliuza ng'ombe wa Bibi bila kumwuliza. Mama akafariki vilevile. Bibi akamwambia mbele ya watu, "Usikanyage hapa mpaka siku ya kunizika." Nilikuwa darasa la nne. Nilikuwapo. Akaondoka jioni ileile.

Kwa hiyo hilo ndilo tangazo pekee duniani linaloweza kumwita. Nililitazama muda mrefu. Nikalihifadhi. Nikaenda kuchambua mchicha.

Alhamisi, 15 Novemba

Asubuhi nilimpelekea shangazi chai ofisini, alikuwa anatuma.

(Hapa nimekata mistari miwili.)

Ni saa kumi na mbili jioni na nyumba imejaa watu. Saa kumi na moja tulikuwa uani tunatwanga. Redio ilikuwa dirishani. Msomaji akasoma watu wa Muheza, akasoma watu wa Pangani, kisha akasoma Bi Salma Kilua wa Korogwe anasikitika.

Shangazi aliacha mchi hewani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alisikia jina lake, jina la mama yake, jina la kaka yake. Halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Alianguka juu ya mahindi. Majirani waliingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Nilisema, "Shangazi," na mwanamke mmoja akanikumbatia, akanibana uso kifuani mwake, akasema, "Lia, mwanangu, lia."

Shangazi anaamini watu wa kijijini walimkosa kwenye simu, wakaenda redioni wenyewe kwa jina lake. Amempigia ndugu yetu mmoja wa Mkata. Nilisikia sauti ya yule ndugu ikipiga kelele kwenye simu: "Sisi hatujui, dada! Tumesikia redioni kama ninyi!"

"Basi ndiyo hivyo," shangazi alisema. "Redio imesema."

Mikeka imetandikwa. Nimesema "shangazi" mara tatu. Kila mara ananishika mkono na kulia upya.

Ijumaa, 16 Novemba

Naandika nikiwa nyumbani kwa Bibi, nimekaa juu ya kinu. Nitaandika taratibu.

Tuliondoka Korogwe alfajiri kwa pikapu ya Bwana Jivan wa duka la vitambaa. Alitoa gari, dereva na sanda. Aliikata mwenyewe bila kupima, akaikunja, akaniwekea mikononi. Nimesafiri kutoka Korogwe hadi Mkata na sanda ya Bibi mapajani.

Shangazi alikuwa mbele. Mimi nyuma, na wanawake wanne na masufuria. Tulipopita Segera nilianza kuogopa kitu kingine. Kwamba kweli amekufa. Kwamba nimemwandika na yeye ameitika.

Tulipofika watu walikuwa wengi. Mlango wa Bibi ulikuwa na kufuli. Mzee Kopwe, mtani wa ukoo wetu, alikuja mbio na wanaume wengine, wakapanda garini na kuanza kuinua mikeka.

"Mmemlaza wapi?" aliuliza.

"Nani?" alisema shangazi.

"Marehemu."

"Si mnaye ninyi?"

"Sisi? Nyumba imefungwa tangu juzi. Tulijua amekuja kwako kutibiwa."

"Hajafika kwangu!"

Nilisikia kuku wakichakura. Mzee Kopwe akajishika kiuno. "Looo! Wazigua hawa! Wamepoteza mpaka maiti!"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikaa chini vumbini na gauni lake jeusi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Watu wote walikuwa kimya, wakingoja mtu aseme. Ulimi wangu ulikuwa kama jiwe la mtoni.

Ndipo Bibi alipotokea kwenye njia ya shamba, amebeba mzigo wa mihogo kichwani. Alikuwa dunguni siku mbili, akilinda mihogo isichimbwe na nguruwe. Aliona umati mlangoni kwake. Akatupa mzigo, akaanza kulia huku anakimbia.

"Jamani! Ni nani? Ni nani aliyekufa nyumbani kwangu?"

Watu walitawanyika. Mwanamke mmoja alipita katikati ya uzio wa miti akaacha khanga yake pale. Dereva wa Bwana Jivan alijifungia ndani ya gari. Shangazi alimtazama mama yake, akazimia. Mzee Kopwe peke yake ndiye aliyebaki amesimama.

"Ni wewe," alimwambia Bibi.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyekufa. Redio imesema. Rudi huko ulikotoka, tumeshachimba."

"Redio iliniona wapi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi ni mtani tu, nimekuja kula."

Niliokota mihogo yake yote, mmoja mmoja. Sijui kwa furaha au kwa nini.

Jioni. Kaburi lilikuwa limechimbwa kweli, nyuma ya nyumba, karibu na mipapai. Kina chake kamili. Wazee walikaa na kushauriana. Kaburi lililochimbwa halilali wazi, litaomba mtu. Kwa hiyo wamekata mgomba, wakaulaza kwenye jeneza, wakaubeba, wakauzika. Ustaadhi alisema yeye hausomei mgomba dua. Akakaa kando mpaka walipomaliza.

Shangazi, alipozinduka, alitaka wauvalishe mgomba ile sanda, ili mambo yakamilike. Bibi akaipokonya.

"Sanda nzuri hivi? Nitaiweka. Siku yangu mtaniletea mbaya."

Kisha akaenda mwenyewe kaburini, akachukua konzi ya udongo, akautupia mgomba. Nilimwona midomo inacheza. Sijui alisema nini. Lundo la udongo sasa ni refu kama yeye.

Ndugu wa Magoma wamefika mchana, wa Mombo jioni. Kila anayefika analia njiani, anamwona Bibi, anapiga kelele, anakimbia, anarudi. Bibi amechoka kuwasalimu. Baba hajafika.

Jumamosi, 17 Novemba

Shangazi alipanda kichuguu kupata simu, akawapigia watu wa redio. Nilikuwa naye. Walimjibu kwa adabu. Tangazo limetoka kwenye anuani yako, mama. Asubuhi ya Alhamisi, pamoja na mengine sita.

Alikaa juu ya kichuguu. "Mimi?" alisema. "Mimi mwenyewe nimemtangaza mama yangu?"

Kisha akapata jibu lake. Waya. Kompyuta zimechanganyikana kwa sababu ya waya ule wa buluu. Alimpigia fundi akamtukana mpaka salio likakatika. Wakati wa chakula amewaambia watu wote. Na watu wote wamekubali kabisa. Mzee Kopwe amesema hata nyuki hawagawani mzinga. Mtu wa Magoma amesema anajua redio mbili zilizogawana betri moja zikaanza kusema Kireno.

Tukirudi Korogwe shangazi anaukata waya. Nimesikia pia wateja wawili wameshapiga simu kuondoa matangazo yao. Wanaogopa. Ofisi ile ndiyo inayotulisha. Najichukia.

Alasiri Bibi aliniita tumenye mihogo. "Somo, hilo tangazo langu lilisemaje? Sikubahatika kulisikia."

Nikamsomea bila karatasi. Kuanzia Bi Salma Kilua wa Korogwe hadi popote alipo. Sikukwama popote.

Bibi aliacha kisu.

"Limesomwa mara ngapi?"

"Mara moja, Bibi."

"Na wewe ulilishika lote, mara moja, watu wakilia."

Aliendelea kumenya. Alimenya muhogo mzima, akauweka majini, ndipo akasema, "Miaka saba katika nyumba hii hakuna anayemtaja Rajabu. Mimi niliwakataza. Nilijiuliza redio imempata wapi."

Nilijikata kidole, nikakificha.

Jumapili, 18 Novemba

Amekuja.

Nilikuwa nafagia uwanja, saa tatu asubuhi. Mtu akapita pembeni ya nyumba bila kubisha hodi. Mwembamba, shati la kijani, mfuko mkononi. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye mipapai. Nilijua mgongo wake. Sikujua kama ningeujua.

Alipiga magoti kwenye lundo la udongo. Akaweka mikono yote miwili juu yake. Nilisimama na fagio kwenye kona ya jiko. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko. Alinionyesha kidole mdomoni. Ninyamaze. Kama vile mimi nahitaji kuambiwa.

Baba aliongea na mgomba. Alisema, Mama, nilikosa. Alisema ng'ombe wawili ameshawapata, wako kwa mtu Mombo, alikuwa anangoja watimie wanne kama wale aliowauza. Alisema ni utingo kwenye lori la vitunguu, Arusha hadi Dar, na kila wiki anapita Mkata, na kila wiki akifika hapo anafumba macho mpaka dereva amwambie tumepita. Alisema kila wiki anapita Korogwe. Alisema nyumba ya Salma anaiona kutoka barabarani. Juzijuzi alimwona mtoto amesimama mlangoni na fagio.

Huyo ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni na fagio. Miaka saba nimeandika "popote alipo" kichwani mwangu na alikuwa barabarani mbele ya nyumba. Na ndugu yetu anayeuza wali Mombo, ambaye nilimwamkia Ijumaa, amekuwa akimpakulia sahani kila wiki. Baba alimwapisha asiseme. Ndugu huyo ndiye aliyempigia simu Alhamisi kuhusu msiba.

Nilitaka kumpiga na lile fagio. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilitaka kumpiga.

Akalia tena. Akasema, "Mama, nimekuja kukuzika, nimechelewa."

Ndipo Bibi alipotoka jikoni, anajifuta mikono.

"Rajabu. Huo ni mgomba."

Baba aligeuka. Hakupiga kelele kama wengine. Aliketi tu juu ya udongo, mdomo wazi, akashika kifua. Niliogopa kwamba sasa tutapata maiti kweli.

"Nilisema usikanyage hapa mpaka siku ya kunizika," Bibi alisema. "Basi. Umeshazika. Ingia ndani unywe uji."

Akarudi jikoni. Nilisikia kata ikigonga sufuria mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Baba alipopita karibu yangu alisimama. Nikasema, "Shikamoo." Hilo tu. Akaitikia, "Marahaba," kwa sauti ya mtu asiye na mate. Halafu akanichukulia fagio mkononi, akamaliza uwanja.

Jumatatu, 19 Novemba

Tumerudi Korogwe. Baba amebaki anarekebisha paa la Bibi. Sina la kuandika. Nimelala mchana mzima.

Jumanne, 20 Novemba

Shangazi amekuja sebuleni na koleo. Akapanda stuli. Akaushika waya wa buluu.

Nimesema, "Ni mimi."

Hakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka nikajishtua. "Ni mimi, shangazi. Waya haujakosa. Mimi niliandika. Nilidhani tumegawana laini tu. Sikujua tumegawana na droo, yaani ile folda."

Alishuka. Nikamwonyesha. Nikaandika neno moja kwenye kompyuta yangu, nikalihifadhi, tukaenda ofisini na neno likawa linatungoja pale. Alilitazama. Akanitazama. Nilidhani atanizaba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, koleo mapajani.

"Nililia juu ya mahindi," alisema. "Nilizimia mbele ya mama yangu. Na wewe ulikuwa umekaa pale unajua."

"Ndiyo."

"Ondoka mbele yangu."

Niliondoka. Baada ya swala ya alasiri akaniita. Mteja alikuwapo, mzee wa Magoma aliyefiwa na mkewe. Shangazi akanipa karatasi. "Kuanzia leo hakuna tangazo linalotoka bila kusomwa kwa sauti mbele ya mfiwa. Na msomaji ni wewe. Soma."

Nilisoma. Sauti ilitetemeka kwenye jina la kwanza tu. Yule mzee alisikiliza amefumba macho, akasahihisha jina la shemeji yake. Akasema, "Ahsante, binti. Umemsoma vizuri."

Waya uko palepale.

Jumatano, 21 Novemba

Mvua ndogo asubuhi. Matangazo matatu. Nimeyasoma yote.

Saa tano lori la vitunguu lilisimama mbele ya nyumba. Baba alishuka. Nilimpa chai, akainywa amesimama barazani, kikombe kwa mikono miwili. Dereva alipiga honi. Baba akasema wiki ijayo nisitie sukari nyingi. Nikacheka. Akaondoka. Nilisimama mlangoni na fagio mpaka lori likapotea, na safari hii alipunga mkono.

Leo adhuhuri sikuandika jina lake kwenye kompyuta. Nilisahau.

Sasa ile mistari miwili niliyoikata. Shangazi anajua nilikosea. Bibi anajua niliandika. Hakuna anayejua hili. Alhamisi asubuhi, nilipomletea shangazi chai, niliona kwenye kioo chake matangazo saba, na yeye alikuwa ameandika sita. La saba nililijua. Kidole chake kilikuwa bado hakijabonyeza. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilikuwa na muda mrefu kabisa. Nikaweka chai mezani. Nimejiambia ni ule ulimi wangu. Labda. Lakini nakumbuka nilichokiwaza, na kilikuwa maneno mawili tu ya mwisho wa tangazo.

Wewe uliyelifungua daftari hili bila ruhusa yangu, yeyote uwaye. Hilo tafadhali libaki humu. Hata Bibi usimwambie.